Mechi ya Mwisho katika Ukumbi wa Maarusi

Kutoka Sib hadi Azaiba

Kabla sijaona chochote nilisikia kishindo. Kilikuwa kizito na laini kwa pamoja, kama gunia la mchele lililotupwa juu ya godoro. Kikafuatiwa na mguno wa mtu mzima, kisha sauti ya mwanamke ikasema kwa utulivu, "Tundu jengine hilo. Nani atashona?"

Nilikuwa nimesimama ndani ya mlango wa ukumbi, jua la Maskati bado limenijaa machoni, na mbele yangu kulikuwa na giza tu lenye harufu ya udi na jasho. Giza lilipofunguka nikaona taa za kioo zimening'inia darini, zimezungushiwa nyavu za wavuvi wa Sidab. Chini yake palitandikwa zulia la kijani lenye mistari myeupe. Pembeni pote, badala ya ukuta, palisimamishwa mito ya sebuleni, myekundu yenye nakshi za dhahabu, imefungwa kwa kamba. Juu ya mmoja wa mito hiyo alikuwa amejibandika mwanamume mwenye kofia ngumu na mabega ya plastiki. Alikuwa amekumbatia mpira wenye umbo la papai changa.

Wenzangu wa baraza letu la Jumamosi, tangu nirudi Unguja mmekuwa mkiniuliza yaliyonikuta, na kila mmoja nimempa kipande. Sasa naandika yote kwa mpango, hasa ili ukome ule uvumi kwamba niliolewa jangwani. Habari za tiketi na viza naziacha, hazina ladha.

Aliyenipokea kiwanja cha ndege cha Sib ni Nasor, mtoto wa shangazi yangu Shekha. Wao ni watu wetu waliohamia Oman zamani, na Kiswahili chao cha nyumbani kimebaki kama kilivyotoka Malindi ya Unguja, kimeongezewa Kiarabu tu. Nasor alikuwa kijana mwembamba mwenye kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata, na alikuwa na timu. Mfanyabiashara mmoja wa Ghuba alileta mchezo wa mpira wa Kimarekani unaochezwa ndani ya ukumbi, wanane kwa wanane, wachezaji wa kulipwa. Nasor akaukimbilia mchezo huo kama mtu aliyesikia anaitwa kwa jina lake. Wachezaji wake wengi aliwapata kwa Wakenya wa Maskati waliowahi kucheza raga kwao: mafundi wa viyoyozi, walinzi, na mhasibu mmoja mwenye shingo ya ng'ombe.

"Tumefungwa zote," aliniambia garini, tukipita kwenye majumba meupe ya Azaiba.

"Zote zipi?"

"Tulizocheza. Zimebaki mbili. Ndiyo nkakuita, Rukia. Uje uiandike timu ingali hai."

Ukumbi ulikuwa wa mama yake, na ulikuwa wa harusi. Shangazi Shekha alimkopesha kwa msimu mmoja, kwa sharti aliloliweka mbele ya ndugu wote: akishinda mechi moja, moja tu, ukumbi utakuwa wa mpira mwaka mwengine pia. Akimaliza msimu hajashinda, ukumbi unarudi kwa maarusi, na yeye anakwenda kukaa mezani wizarani, chini ya shemeji yake. Nasor alilitaja neno "shemeji" kama mtu anayetaja jino linalomuuma.

Shangazi mwenyewe ndiye aliyekuwa akiuliza nani atashona. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha bi harusi, kile cha dhahabu chenye mgongo wa tausi, kwa sababu jukwaa la maarusi halikuweza kuhamishwa, likabaki nyuma ya mstari wa mwisho wa uwanja. Mkononi alikuwa na sindano na uzi mwekundu.

"Karibu, mtoto wa kaka," alisema. "Umekonda. Kaa. Huyu aliyeingia ndani ya mto anaitwa Wafula, ndiye nahodha. Mtu mwema, lakini mito yangu haimtambui."

Wafula akavua kofia, akanipa mkono. "Pole kwa safari, dada. Usijali kelele. Hapa ni kazi tu."

"Unataka washinde?" nilimnong'oneza shangazi.

"Nataka harusi," alisema, akavuta uzi. "Maarusi wananililia kwenye simu. Lakini nimetoa ahadi, na mito ni yangu, siwezi kuiona imepasuka nkakaa."

Kutoka Azaiba hadi Haima

Mechi ya kabla ya mwisho ilikuwa Salala. Kwenye ramani, Salala ni mahali ambapo Oman inakwisha. Kwenye basi, ni mahali ambapo Oman inakataa kwisha. Ilikuwa tutoke baada ya alfajiri, tucheze baada ya Isha, na basi la kukodi lilikuwa jipya. Tatizo lilikuwa mimi. Shangazi alisema mtoto wa kaka yake hawezi kusafiri peke yake na basi zima la wanaume, na kwa kuwa hakuna mwanamke mwengine mwenye nafasi ya kunisindikiza, atakwenda yeye. Na kwa kuwa anakwenda yeye, zitakwenda chupa zake za chai na za kahawa, kapu la vitumbua, na mkeka.

Tulipita milima ya Nizwa, kisha milima ikachoka kutufuata. Zikabaki ardhi na mbingu, na katikati yake mstari wa lami. Niliitazama nchi ile tupu nikahisi kwamba mtu akisema neno moja ndani yake litasafiri mpaka bahari ya pili. Neno la kwanza lililosemwa lilikuwa la mhasibu mwenye shingo ya ng'ombe: "Vitumbua viko?"

Karibu na Haima tulisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Askari alikuwa kijana mpole, masharubu ndiyo kwanza yanaota. Aliingia, akatusalimia, akatazama wanaume wale mmoja mmoja, kisha akafungua gunia la kwanza. Akatoa kofia ngumu yenye vyuma usoni. Akafungua la pili, akatoa mabega. Akauliza kwa Kiarabu hivi ni vya vita gani.

Nasor akaanza kumweleza mchezo. Alieleza vizuri, kwa mikono yote miwili, na kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa yule askari ulivyozidi kusikitika. Wafula akavaa kofia ili kusaidia. Haikusaidia. Shangazi akaona jua linakwenda, akainuka kitini, akasema maneno machache tu. Askari akang'aa. Akamkumbatia Nasor, akambusu mashavu, akamgusisha pua.

"Umemwambia nini?" niliuliza.

"Nimemwambia vitu hivi vinatoka ukumbi wa harusi na sisi sote tunakwenda Salala. Kipi uongo hapo?"

Askari akaniona. Nilikuwa ndiye mwanamke kijana pekee ndani ya basi, nimevaa ushungi mpya na hina niliyotiwa na watoto wa shangazi usiku wa kuamkia safari. Akainamisha macho kwa heshima, akaniombea dua ndefu. Wafula, ndani ya kofia yake, akaitikia amina, ingawa yeye ni mtu wa kanisa.

Dua ingetosha. Lakini askari alikuwa na ami yake mwenye hoteli pale Haima, na watu wa harusi hawapiti Haima hivi hivi. Akatutangulia kwa gari lake. Ami mtu akachinja. Tulikalishwa kwenye mazulia, wanaume upande wao, mimi na shangazi kwa wake wa nyumba, nao wakaniuliza kuhusu bwana harusi.

"Nasor?" nilisema, nikijua tu kwamba nimechelewa kukanusha. "Anapenda mpira."

"Wote wapo hivyo," alisema mkubwa wao, akaniongezea nyama.

Ndiyo chanzo cha ule uvumi. Nilipotaka kusema kweli shangazi alinibana paja. "Wameshachinja," alisema. "Utamwambia mbuzi arudi?"

Tuliondoka tumeshiba na tumechelewa. Wachezaji walilala wamekunjana kama nguo kwenye sanduku, na Nasor, bwana harusi wa bure, alikaa mbele na dereva akiitazama saa ya basi kana kwamba anaweza kuitisha isiende.

Kutoka Haima hadi Salala

Baada ya Thumrait jangwa lilikatika ghafla. Barabara ikateremka mlimani, na kwa mkunjo mmoja tu tukaingia ndani ya ukungu. Manyunyu yakagonga vioo. Majani yalikuwa kila mahali, mabichi, yenye kutona. Ulikuwa msimu wa mvua zao, ambao Oman nzima huja kuutazama. Halafu chini kabisa, kando ya barabara, nikaona minazi. Migomba. Mipapai. Vibanda vya makuti vyenye madafu yaliyopangwa kama vichwa vya watu wanaongoja basi.

"Simama," alisema shangazi.

"Mama, tumechelewa," alisema Nasor.

"Dereva, nimesema simama."

Alishuka polepole, akashika mkungu wa ndizi kibandani kama mtu anavyoshika mkono wa nduguye. Alikuwa ameondoka Unguja msichana. Alisimama kwenye manyunyu yale mpaka mtandio ukamlowa. Kisha muuza madafu akaanza kulikata dafu lake upande usiofaa, na shangazi akarudi duniani.

"Si hivyo. Unamwaga maji yote. Nipe panga."

"Mama, panga ni langu," alisema muuzaji, akimjibu kwa Kiarabu.

"Na dafu ni langu, nshalinunua."

Akakata madafu ya timu nzima kwa mkono wake, moja baada ya jingine. Hakuna aliyekataa, kwa sababu hakuna anayemkatalia mwanamke mwenye panga na machozi. Mhasibu alikunywa matatu.

Tulifika kwenye ukumbi wa wenyeji watazamaji wamekwisha kukaa. Meneja wao alikuwa mgeni kutoka Ulaya, mtu mwenye adabu zake, aliyeamini kwamba mchezaji hatakiwi kula kabla ya mchezo. Akampa kila mmoja wetu biskuti na kikombe cha maji. Shangazi alikitazama kile kikombe cha plastiki muda mrefu.

Ya uwanjani nitasema machache. Miguu ya wachezaji wetu ilikuwa bado imo ndani ya basi, na matumbo yao yalikuwa bado Haima. Kila Wafula alipoinua mkono kurusha, aliowarushia walikuwa wanakuja, lakini kesho. Tulifungwa vibaya. Nasor alikusanya kofia moja moja akazitia guniani, na nikaona kwamba anaikunja mikanda yake vizuri, kama mtu anayefunga vyombo vya marehemu.

"Imebaki moja," nilimwambia.

"Dubai," alisema. "Hao ndio wa kwanza kwenye ligi, Rukia. Wamemla kila mtu."

Shangazi hakuwa akisikiliza. Njia nzima ya kurudi alikuwa na jambo lake. "Biskuti," alisema tulipoiacha Salala. "Watu wametoka Maskati," alisema Thumrait. Tulipokaribia Nizwa akamaliza: "Wametupokea kama abiria. Wallahi, hao wa Dubai hawatoingia kwangu wakatoka wakasema niliyoyasema mimi."

Azaiba

Wageni wa Dubai walikuja kwa basi siku ya mechi, wakafika adhuhuri. Walikuwa watu wakubwa ajabu, wa kila taifa, na kila mmoja alipita mlangoni kwa kuinama. Walikuta uwanja umetandikwa.

Shangazi alikuwa jikoni tangu alfajiri na wanawake wa ukoo. Juu ya lile zulia la kijani, kutoka mstari mmoja hadi mwengine, yalipangwa masinia: biriani ya mbuzi, nguru mzima wa Sidab aliyepakwa, sambusa, mikate ya kumimina, na halwa ya mkono inayong'aa kama kahawia ya macho. Nasor aliingia, akaona, akaenda mbio kwenye jukwaa.

"Mama, chakula baada ya mechi. Wenyewe wana mpango wao."

"Baada ya mechi huyo si mgeni tena. Huyo ni mtu anayeondoka."

"Watasema tumewafanyia makusudi."

"Nimewafanyia makusudi, ndiyo. Mtu anapika kwa bahati mbaya?" Akamgeukia Wafula. "Wewe na wenzako mtatumikia. Vaeni vitambaa hivyo begani."

Wafula akanusa hewa. "Mama, na sisi tutakula saa ngapi?"

"Mwenye nyumba anakula wageni wakishashiba. Kwenu hamfanyi hivyo?"

"Kwetu pia ni hivyo, Mama," alisema Wafula kwa huzuni, akachukua bilauri.

Kocha wa Dubai alijaribu kukataa. Alishika tumbo, akaonyesha saa, akatabasamu. Shangazi akatabasamu pia, akamwekea paja. Alipoling'ata tu nilijua mambo yake yamekwisha. Wale watu walikuwa wamekaa njiani na mpakani tangu asubuhi, na harufu ya ile biriani ilikuwa na mikono. Walikula kwanza kwa adabu, kisha kwa bidii, kisha kwa mapenzi. Kila sinia lilipokaribia kwisha, shangazi aliguna tu na mwanamke mmoja akatoka jikoni na jingine. Anayeacha kula aliulizwa kama chakula hakikumridhisha, kwa sauti ya mtu anayejiandaa kuumia, naye akaendelea. Wachezaji wetu walizunguka na maji na taulo, wametumbua macho, mate yanawashuka. Nilimkuta mhasibu nyuma ya pazia la jukwaa ameshika sambusa mkononi bila kuila, akiitazama tu.

"Mama ameniona," aliniambia.

Masinia yakaondolewa, zulia likafagiliwa, watazamaji wakaingia. Wazee wa Azaiba waliketi safu ya mbele na kuegemea mito ya pembeni kama wako nyumbani, ingawa waliambiwa kila wiki wasifanye hivyo. Upande wa wanawake, karibu na mimi, alikaa mama mmoja aliyevaa dhahabu nyingi, akipima ukumbi kwa macho. Alikuwa na binti anayeolewa. Alikuja, alisema, kungoja mechi iishe ili aweke tarehe.

Filimbi ikalia, na nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona: timu yenye njaa. Watu wetu walikuwa wepesi kama karatasi. Wafula alirusha, na aliyerushiwa alikuwapo, leo, sasa hivi. Wageni walikuwa na nguvu zao, na mwanzoni nguvu hizo zilitosha. Walitutangulia. Lakini kila walipoanguka waliinuka kwa vituo, goti kwanza, kisha kutafakari, kisha goti la pili. Kipindi cha pili mmoja wao, mwenye mgongo kama mlango, alikimbia na mpira pembeni, akasukumwa, akazama ndani ya mito kati ya wazee wawili. Hakurudi. Alikuwa ameegemea, macho nusu, na mzee wa kulia alikuwa amekwisha kumtilia kahawa.

Nasor hakucheka. Alisimama kwenye mstari, kanzu imemganda mgongoni. Alimwita Wafula, nami nilikuwa karibu nikasikia.

"Wameshiba hawa. Hii si haki."

"Boss, sisi tulicheza Salala tumeshiba, kuna mtu alituhurumia?" alisema Wafula. "Yalla, tumalize. Nasikia njaa mbaya."

Tulikuwa nyuma mpaka mchezo wa mwisho. Mpira ukapaa, ukagusa wavu wa Sidab chini ya taa, ukateleza, ukamshukia mhasibu aliyekuwa amesimama peke yake katika eneo la kufungia, mbele ya kiti cha bi harusi. Akaudaka kifuani kwa mikono yote miwili, akaupakata, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa sahani.

Tukashinda, na ukumbi ukalipuka. Wanawake wakapiga vigelegele kwa mazoea ya mahali pale. Wageni, kwa kweli watu waungwana, walitushika mikono, wakambusu shangazi kichwani mmoja mmoja, wakaomba halwa ya njiani, wakapewa.

Baada yao

Basi la Dubai lilipoondoka tulibaki sisi wa nyumbani. Wachezaji walikaa chini ya jukwaa na masinia yaliyobaki, wanakula. Yule mama wa dhahabu alikwenda kungojea kwenye gari lake. Nasor akapanda jukwaani, akasimama mbele ya mama yake.

"Mama, hii siihesabu."

"Huihesabu nini?"

"Ushindi. Watu walikuwa wameshiba hawawezi kuinama. Sharti lilikuwa nishinde. Sikushinda mimi, imeshinda biriani. Nitakwenda wizarani."

Nilimtazama shangazi. Alichokitaka tangu mwanzo wa msimu kilikuwa kimewekwa mbele yake, na aliyekiweka ni mwanawe mwenyewe. Alikuwa na haki ya kunyoosha mkono tu. Wachezaji waliacha kutafuna.

"Chakula changu kimewadhuru?" aliuliza.

"Sikusema hivyo."

"Umesema hivyo. Umesema watu walikula kwangu wakaondoka na madhara."

"Mama, nasema tu kwamba—"

"Skiza. Walikula, wakaongeza, wakanishukuru kila mtu kwa lugha yake. Mtu akinyanyuka kwenye sinia langu akaenda kushindwa, kashindwa na miguu yake. Ukitoka hapa ukasema hukushinda, kesho Azaiba nzima, na Sib, na Dubai, watasema Shekha kawatilia wageni kitu."

"Kwa hiyo nimeshinda?"

Shangazi aliutazama ukumbi wake: nyavu juu ya taa, mito iliyopasuka, zulia lenye mistari na punje za wali. Niliona harusi zote zinampita machoni, moja baada ya nyingine, na kila bi harusi anageuka kumuaga.

"Umeshinda," alisema. "Mwakani pia ni wako. Na usiniongezee neno, nisije nkabadilika."

Nasor akainama kumbusu mkono. Shangazi aliuacha mkono wake kichwani mwa mwanawe muda kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akakisukuma.

"Wafula, kula vizuri, mwanangu. Hiyo ya chini ndiyo yenye nyama."

"Asante, Mama."

Shangazi akachukua mkoba wake, akatengeneza mtandio, akashuka ngazi za jukwaa huku amejikaza kama yeye ndiye bi harusi. Nilimuuliza kama nimfuate.

"Nakwenda garini kwa yule mama," alisema. "Akatafute ukumbi mwengine. Haya mambo mtu anayasema peke yake."

Alivuka zulia la kijani bila kukanyaga mistari, akausukuma mlango, na mlango ukajifunga nyuma yake.